Kwa Nini Daktari Hakuipangusa Damu

Mwalimu mmoja wa Ahero, mwenye umri wa miaka 58, ameniandikia kuhusu jambo ambalo wagonjwa wengi huliona wakanyamaza. Aling'olewa gego la chini miaka miwili iliyopita, na mwezi huu amewekewa kipandikizi katika kliniki moja mjini Kisumu, yaani ile skrubu fupi inayozamishwa ndani ya mfupa wa taya ili baadaye ibebe jino la bandia. Anasema aliyaona yote kwenye kioo cha taa iliyokuwa juu yake. Daktari aliitoa skrubu kwenye kichupa chake bila kuigusa hata kwa kidole chenye glavu, akaisogeza kwenye shimo lililojaa damu, na damu ikaipanda skrubu kabla haijaanza kuzungushwa. "Mimi nimezoea kidonda kipanguswe mpaka kikauke," anaandika. "Kwa nini aliiacha damu, tena akionekana kufurahi? Mama yangu anasema chuma kilicholoa damu lazima kishike kutu. Na aspirini ninayomeza kila siku kwa ajili ya moyo, je, haitaharibu kazi hii?"

Mwalimu, asante kwa kuuliza. Skrubu ile haishikamani na mfupa wako moja kwa moja. Inashikamana kwanza na damu yako, kisha damu hiyo ndiyo inayouita mfupa na kuupa mahali pa kupita. Daktari wako alifurahi kwa sababu aliona kwa macho yake kwamba hatua ya kwanza imefanyika kama inavyotakiwa, na hatua hiyo ikikosekana hakuna dawa ya kuirudisha baadaye.

Nianze na swali la mama, kwa kuwa ni swali la haki. Kutu ni chuma kilichoungana na oksijeni, na mtu yeyote aliyewahi kusahau panga kwenye shamba la miwa wakati wa masika anajua jinsi kinavyoliwa. Skrubu yako haina asili hiyo. Imetengenezwa kwa titaniamu, metali ambayo nayo huungana na oksijeni mara tu inapokutana na hewa, lakini matokeo yake ni kinyume kabisa cha kutu: badala ya unga mwekundu unaobanduka na kuendelea kula ndani, hutokea utando mgumu wenye unene wa nanomita (sehemu za milioni za milimita) chache tu, kati ya 2 na 10 hivi, ambao hushikamana na metali na kuifunika kama ngozi. Ukikwaruzwa, utando huo hujirudishia papo hapo. Oksidi hiyo, yaani titaniamu iliyoungana na oksijeni, ndiyo ileile inayoipa rangi ya ukutani weupe wake, na mchanga wenye madini yake ulichimbwa hapa kwetu, Kwale, kwa miaka kadhaa hadi mwaka 2024. Kwa hiyo mwambie mama kwamba damu haikutani na chuma kitupu. Inakutana na ngozi hiyo ya oksidi, na yote nitakayoyaeleza hapa chini yanatokea juu yake.

Sasa turudi kwenye shimo lile. Damu inapougusa uso wa titaniamu, vya kwanza kufika si chembe za damu bali maji na chumvi zilizomo ndani yake, ambavyo hujipanga juu ya oksidi mara moja, kabla ya mtu kupepesa jicho. Nyuma yao, ndani ya sekunde chache, huja protini. Ya kwanza kujaa huwa albumini, kwa sababu ndiyo nyingi kuliko zote katika maji ya damu na pia ni ndogo, basi huwahi. Lakini kuwahi si kukaa. Baada ya muda mfupi albumini huanza kusukumwa na protini zilizo kubwa na zinazoshika kwa nguvu zaidi, hasa fibrinojeni, na hata hizo nazo huweza kupisha nyingine. Aliyeieleza tabia hii ya protini kupokezana nafasi ni Leo Vroman, mtaalamu wa damu mzaliwa wa Uholanzi aliyefanyia kazi Marekani, na mpaka leo jambo hilo linaitwa kwa jina lake. Huenda ikaonekana kama habari ya maabara tu, lakini kwako wewe ina maana kubwa. Chembe zote zitakazofika baadaye hazitaigusa titaniamu hata kidogo. Zitagusa tandiko la protini lililokwisha kutandikwa. Kama protini zilitua vizuri, zikabaki na umbo lao, chembe huzitambua na kushika. Kama zilitua kwenye uso mchafu au unaofukuza maji, hujikunja vibaya, na chembe zikifika hazioni pa kushika.

Zinazofuata ni chembe sahani, vile vipande vidogo vya damu ambavyo kazi yake ni kuziba mahali palipochanika. Kila kimoja kina upana wa maikromita (sehemu za elfu za milimita) 2 hadi 3, na katika tone moja tu la damu mna mamilioni yake. Chembe sahani inapokuwa ikielea katika mshipa ni laini na bapa. Inapokutana na fibrinojeni iliyokwisha kulala juu ya titaniamu, hubadilika, hutoa vijiguu, hujitandaza, kisha humwaga vifuko vilivyokuwa tumboni mwake. Ndani ya vifuko hivyo mna vichocheo vya ukuaji, na hivyo ndivyo vinavyosambaa kwenye mfupa wa pembeni na kuziita seli za kujenga. Wakati huohuo uso wenyewe wa titaniamu huamsha mfumo wa kuganda kwa damu, na huuamsha kwa nguvu. Wenzetu wanaotengeneza vifaa vya kukaa ndani ya mishipa ya damu huihesabu tabia hiyo kuwa kasoro kubwa, nao hufanya juhudi kuizuia. Katika taya ndiyo tunayoitaka. Fibrinojeni hugeuka kuwa nyuzi za fibrini, nyuzi husukana kuwa wavu, chembe nyekundu hunaswa humo, na kwa dakika chache nafasi yote iliyobaki kati ya skrubu na ukuta wa shimo huwa imejaa donge la damu lililoshikwa pande zote mbili: huku mfupa, huku titaniamu.

Hapo ndipo penye kiini cha jibu langu, nami naomba tukae hapo kidogo. Seli za kujenga mfupa haziogelei. Zinatembea, na ili zitembee zinahitaji kitu cha kukanyaga na kuvuta. Nyuzi za fibrini ndizo daraja lao. Seli inapozivuta nyuzi ili isonge mbele, nyuzi nazo huivuta skrubu, na ikiwa zilishika juujuu tu, huachia. Daraja likikatika upande wa skrubu, seli hukomea njiani, na mfupa utakaoota utatoka kwenye ukuta wa shimo na kuja polepole kuelekea kwenye skrubu, ukiacha mwanya njiani. Nyuzi zikishika imara, seli hufika hadi kwenye titaniamu na kuanza kuweka mfupa palepale juu yake, huku mwingine ukija kutoka ukutani, na pande mbili zikakutana katikati. Hiyo ni tofauti kubwa sana, na huamuliwa na nguvu ya donge la damu kushika.

Ndiyo maana uso wa skrubu yako si laini, ijapokuwa kwa macho unaonekana kama fedha iliyofifia. Nenda kamtazame fundi anayejenga nyumba huko kwenu. Kabla ya kupiga plasta huuparuza ukuta wa zege uliokuwa laini, kisha huumwagia maji. Huuparuza ili plasta ipate pa kung'ang'ania; humwagia maji ili ukuta mkavu usiikatae. Watengenezaji wa vipandikizi wamefikia mambo hayohayo mawili. Uso wa titaniamu hupigwa kwa chembechembe ngumu na kisha huoshwa kwa asidi, hadi uwe na vilima na mabonde ya maikromita 1 hadi 2, ambayo yanakaribiana na ukubwa wa chembe sahani yenyewe, na nyuzi za fibrini hujisokota humo kama mizizi katika nyufa. Ya pili ni maji. Titaniamu iliyotoka kutengenezwa hupenda maji, lakini ikikaa hewani hunasa kaboni iliyomo hewani, na kadiri siku zinavyopita inaanza kuyakataa. Nimewahi kudondosha tone la maji juu ya kisahani cha titaniamu kilichokaa muda mrefu kwenye boksi: tone lilibaki duara, kama umande juu ya jani la nduma. Juu ya kisahani kilichotoka kwenye kichupa chenye maji ya chumvi, tone lilitandazika likawa doa bapa mara moja. Juu ya ule uso wa kwanza, hewa hunaswa mabondeni na damu haishuki. Juu ya ule wa pili, damu hupanda yenyewe. Uliyoyaona kwenye kioo cha taa, damu ikipanda mzunguko mmoja wa skrubu baada ya mwingine bila kusukumwa, ni dalili ya uso unaokubali maji. Na ndiyo sababu daktari hakuigusa: mafuta kidogo, unga wa glavu au mate yangeharibu ngozi ile kabla damu haijafika. Mate hasa ndiyo tunayoyaogopa. Damu yako iliyotoka mfupani haina vijidudu vya kinywani, lakini mate yanavyo kwa wingi.

Kuna jambo katika historia ya kazi hii ambalo sichoki kulisimulia. Mwaka 1952, huko Lund nchini Uswidi, daktari Per-Ingvar Brånemark hakuwa anatafuta namna ya kupandikiza meno. Alikuwa anaichunguza damu. Alitaka kuona inavyopita katika mfupa ulio hai, basi akaweka vifaa vya kutazamia vilivyotengenezwa kwa titaniamu katika miguu ya sungura, na alipotaka kuvitoa avitumie tena akakuta haviwezi kung'oka kwa sababu mfupa umevishika. Mwaka 1965, mjini Gothenburg, alimwekea mgonjwa wa kwanza vipandikizi vya meno, na mgonjwa huyo alivitumia zaidi ya miaka 40, hadi alipofariki mwaka 2006. Mtu aliyeanza kwa kuitazama damu ndiye aliyetufikisha hapa, na kwa maoni yangu sisi madaktari tuliofuata tulikaa miaka mingi tukiuzungumzia mfupa na skrubu huku tukiisahau damu iliyo kati yao.

Damu hiyo lazima itoke kwenye mfupa ulio hai, na hilo ni jukumu la anayetoboa. Mfupa ukipata joto la nyuzi 47 za Selsiasi kwa dakika moja huanza kuumia kiasi cha kushindwa kupona vizuri. Kwa hiyo tunatoboa polepole, kwa hatua, kwa keekee zenye makali, huku maji ya chumvi yakimwagika muda wote. Mfupa uliochomeka hautoi damu. Shimo hubaki jeupe na kavu, na macho ya asiyejua yanaweza kudhani ni usafi. Katika miaka yangu ya mwanzo nilimwekea mama mmoja kipandikizi kwenye taya la chini upande wa mbele, ambako mfupa ni mgumu na damu ni chache, nami nilitumia keekee iliyokwisha kuwa butu. Shimo halikutoa damu ya maana. Niliona, na nikaendelea. Baada ya wiki 5 alirudi akisema kinacheza. Nilikizungusha kwa vidole viwili kikatoka, kikiwa kinang'aa kama siku nilipokitoa kwenye boksi, hakuna hata punje ya mfupa juu yake, ila utando mwembamba wa nyama uliokuwa ukiteleza. Ile skrubu safi ninaikumbuka mpaka leo. Siku hizi shimo lisipotoa damu, nasimama, ninalikwaruza polepole kwa chombo chenye ncha, na ninangoja mpaka litoe.

Ukizitazama taya za wazee wetu wa Kijaluo waliong'olewa meno sita ya chini ya mbele wakiwa vijana, utaona mfupa uliofunga vizuri, na hakuna kilichoufunga ila donge la damu lililoachwa mahali pake. Shimo la jino lililong'olewa na shimo la kipandikizi hupona kwa kazi ileile. Tofauti ni kwamba katika hili la pili donge lina mgeni katikati, na linatakiwa kumkaribisha.

Sasa aspirini. Usiiache. Ni kweli kwamba aspirini huidhoofisha chembe sahani kwa maisha yake yote, ambayo ni siku 7 hadi 10, lakini inaziba njia moja tu kati ya njia zinazoiamsha, na haizuii kusukwa kwa nyuzi za fibrini. Kwa kipandikizi kimoja, damu itatoka muda mrefu kidogo, nasi tunaizuia kwa nyuzi za kushonea na kitambaa unachokiuma, basi. Kuiacha dawa ya moyo kwa ajili ya jino ni kubadilisha hatari ndogo kwa hatari kubwa. Wanaotumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, wanahitaji kupimwa damu kabla ya siku ya kazi, na hakuna anayepaswa kubadilisha kipimo cha dawa bila daktari aliyemwandikia. Wewe hukutaja kisukari, lakini wasomaji wengine wanacho, kwa hiyo niseme: sukari iliyopanda kwa muda mrefu hulifanya donge liwe zito na gumu kuyeyushwa, huku ikizilegeza seli nyeupe zinazopaswa kusafisha mahali hapo, ndiyo maana huwa naomba kipimo kile kinachoonyesha wastani wa miezi 3 kabla ya kushika keekee. Sigara huibana mishipa midogo, shimo likakosa damu tangu mwanzo. Na huku kwetu kandokando ya ziwa, ambako selimundu ipo katika familia nyingi, mgonjwa mwenye ugonjwa huo atueleze mapema, kwa sababu damu yake na mifupa yake inahitaji mpango wa pamoja na daktari wake.

Huenda utaambiwa na mtu kwamba ungelipia zaidi utolewe damu mkononi, izungushwe kwenye mashine, na utando wake wa fibrini uwekwe kwenye jeraha. Njia hiyo ilianzia Ufaransa mwaka 2001, nami huitumia mahali ambapo ufizi ni mwembamba au shimo ni pana. Kwa shimo kama lako, lililojaa damu lenyewe, sioni sababu ya gharama hiyo.

Donge lako sasa lina siku chache, nalo linabadilika kila siku. Seli nyeupe zimekwisha kuingia kusafisha. Baada yao mishipa midogo mipya hupenya kwenye wavu wa fibrini, na seli za kujenga huifuata. Mfupa wa kwanza, ambao bado ni laini na wa haraka, huanza kuonekana baada ya wiki moja au mbili. Kinachoweza kuliharibu donge katika siku hizi za mwanzo ni kuvutwa. Usiteme kwa nguvu. Usinyonye chochote kwa mrija, na hapo nawataja hasa wazee wanaokaa kuzunguka chungu cha busaa na mirija yao mirefu, kwani mvuto ule hufika moja kwa moja hadi kwenye kidonda. Usisukutue kabisa siku ya kwanza. Kuanzia siku ya pili weka maji ya chumvi ya uvuguvugu mdomoni, inamisha kichwa upande ule, kisha yaache yatoke yenyewe. Meno mengine uyapige mswaki kama kawaida, maana uso ule wenye vilima unaoishika damu huwashika vijidudu pia ukifunuliwa nje ya ufizi.

Kuna kipindi kimoja ambacho huwapotosha wagonjwa. Siku ya kwanza skrubu hukaa imara kwa sababu imebanwa, kama msumari kwenye mbao. Katika wiki ya 3 na ya 4 hivi, mfupa wa zamani uliobanwa unayeyushwa na mpya haujakomaa, kwa hiyo uimara hupungua ilhali maumivu yamekwisha na mtu anajiona amepona. Hapo ndipo watu hurudi kwenye mahindi ya kuchoma. Mtikisiko mdogo tu, usiofika hata unene wa karatasi mbili, ukirudiwarudiwa, hukata nyuzi zile changa, na badala ya mfupa huota ule utando wa nyama niliouona mimi kwenye skrubu ya yule mama.

Zamani tulingoja miezi 3 kwa taya la chini na 6 kwa la juu. Kwa nyuso hizi mpya, wiki 8 hutosha mara nyingi, mfupa ukiwa mzuri. Siku hiyo daktari wako atafunga kijiti kidogo juu ya skrubu, asogeze karibu chombo kinachoitetemesha bila kuigusa, na asome namba inayoonyesha uimara wake. Ikiwa 70 au zaidi, atachukua umbo la jino lako. Mpaka hapo, Mwalimu, kula omena na ugali kwa upande wa pili, na muwa uwaachie wanafunzi.